Litiamu ya Manono na neno "Mungu ndiye ameweka"

Kwa miaka kadhaa sasa jina la Manono linatajwa mbali sana na bonde la Luvua. Linatajwa Kinshasa, Beijing, Perth na Washington. Chini ya ardhi ya ndugu zetu kuna mwamba wenye litiamu, madini ya kutengenezea betri za simu na za magari ya umeme, na mwaka 2019 kampuni ya Australia iitwayo AVZ Minerals ilikadiria kwamba mwamba huo unafika tani milioni 400. Zijin, kampuni ya China, inajenga mgodi wake upande mmoja wa mwamba huohuo, na ilitangaza kwamba itaanza kuzalisha mwaka 2026.

Makanisani habari hii inapokelewa kwa namna mbili. Kuna wanaosema: Mungu ameikumbuka Manono, sasa ni zamu yetu. Na kuna wanaotikisa kichwa: utajiri wa Kongo ni laana, tulimkosea Mungu nini hata kila kinachotoka katika udongo wetu kigeuke damu? Maneno haya yanaonekana kupingana, lakini tabia yao ni moja. Yote mawili yanamwachia Mungu kazi ya kueleza mambo yaliyoandikwa na watu, kwa kalamu, na kutiwa sahihi. Tunataka kuyachunguza hapa pamoja na ndugu yao wa tatu, lile neno tunalolisikia kila wakati wa uchaguzi na kila wakati wa vita: Mungu ndiye anayeweka wakubwa.

Tuanze na bati, kwa kuwa Manono imekwisha kupita njia hii mara moja. Mji ule ulijengwa na Géomines, kampuni ya Wabelgiji iliyoundwa mwaka 1910. Katika miaka ya 1930 kampuni hiyo ilijenga hata bwawa la umeme la Piana Mwanga juu ya mto Luvua. Kashiteriti ya Manono ilisafirishwa kwenda ng'ambo kwa miaka zaidi ya sitini, na wazee wakiutaja wakati ule huutaja kama wakati wa baraka. Kisha baraka ikakoma. Katika miaka ya 1980 uchimbaji mkubwa ulikufa, na mwaka 1985 bei ya bati duniani ilianguka, baada ya baraza la nchi zilizokuwa zikiishikilia bei hiyo kuishiwa fedha huko London. Ikaja vita ya 1998 hadi 2003, ikapita juu ya mji, na Piana Mwanga ikakaa miaka mingi kimya. Waliobaki wakachukua sururu na beseni, wakawa wakrezeri katika mashimo ya kampuni ya zamani.

Je, hii ni laana? Mtu akitaka kueleza kufa kwa Manono hahitaji kufunga siku tatu ili afunuliwe. Faida ya bati ilikwenda Ubelgiji na Kinshasa. Bei ilikuwa ikiamuliwa mahali ambapo hakuna mtu wa Manono aliyewahi kuketi. Majeshi yaliyokuja yalikuwa na makamanda wenye majina. Tukisema "ni laana" tunawafunika watu hao wote kwa blanketi moja, na mzigo tunamtwika mama wa Manono, eti yeye au babu yake alitenda dhambi fulani. Wanafunzi walimwuliza Yesu swali la namna hiyo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, katika Yohana sura ya 9: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Bwana alikataa swali lenyewe. Sisi mara nyingi tunalichukua tena pale alipoliacha.

Na litiamu nayo imekwisha kuwa na sahihi nyingi kabla haijawa na soko. Leseni ya utafiti ilikuwa ya kampuni ya pamoja, Dathcom, ambamo AVZ ilikuwa na sehemu kubwa na kampuni ya serikali, Cominière, ilikuwa na sehemu yake. Mwaka 2021 Cominière iliiuzia Zijin asilimia 15 ya Dathcom, na hapo ugomvi ukawaka. Mwaka 2023 serikali iliondoa haki za Dathcom, kisha sehemu ya eneo lile ikapewa kampuni mpya ya Zijin na Cominière. AVZ ilipeleka mashtaka kwenye mahakama za usuluhishi, Paris na Washington. Julai 2025 wakaja Wamarekani wa KoBold Metals, kampuni inayotegemea fedha za matajiri kama Bill Gates, wakatia sahihi mapatano na serikali huko Kinshasa. Hakuna hata moja la mambo haya lililoshuka kutoka mbinguni. Wengi wa waumini wetu wa Manono wameyasikia kwa redio tu, na wengine hawakuyasikia kabisa.

Sasa lile neno la wakubwa. Warumi sura ya 13 ni maandiko, na hatuna ruhusa ya kuyaruka. Paulo anafundisha kwamba mamlaka yapo chini ya Mungu na kwamba mkubwa ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema ya watu. Lakini katika mahubiri mengi ya kwetu andiko hili limekatwa katikati. Inabaki nusu ya kwanza, Mungu ameweka, na nusu ya pili, ile ya kusema mkubwa amewekwa kwa kazi gani, inaachwa kwenye meza. Mtumishi ana bwana, na ana kazi aliyopewa. Mtumishi anaweza kuulizwa kazi yake imefika wapi.

Nchi yetu inajua vizuri andiko hili lililokatwa linaweza kutupeleka wapi. Chini ya Mobutu habari za televisheni zilifunguliwa kwa sura ya Rais akishuka katika mawingu. Katika miaka ya 1970 waziri wake wa mambo ya ndani, Engulu, alimlinganisha hadharani na Masiya. Makanisa ya Kiprotestanti, yaliyokuwa yameunganishwa katika Kanisa la Kristo mwaka 1970, yalijifunza haraka kwamba kusema "Mungu amemweka" kunaleta amani na serikali. Mwaka 1997 Mobutu alikimbia, akafa Moroko mwaka huohuo. Aliyemwondoa alikuwa Laurent-Désiré Kabila, mtoto wa Katanga Kaskazini, na juma lililofuata andiko lilelile lilisomwa kwa ajili yake.

Leo swali limekuwa kali zaidi. Februari 2025 AFC/M23 waliweka gavana wao Goma. Wapendwa wetu wa Goma na Bukavu wanaabudu kila Jumapili chini ya wakubwa ambao Kinshasa inawaita waasi. Je, hao nao Mungu ndiye ameweka? Mhubiri wa Kinshasa anayepiga meza kwa Warumi 13 atasema hapana, upesi sana. Lakini akisema hapana, amekubali kwamba kuna kipimo kingine zaidi ya kukalia kiti. Basi na kipimo hicho kitumike pia Kinshasa, na Kalemie kwenye ofisi ya gavana wa jimbo, na Manono kwenye ofisi ya teritwari. Hatuwezi kuwa na Mungu mmoja kwa upande wa mbele wa vita na mwingine kwa upande wa nyuma. (Tunajua pia kwamba mchungaji wa Goma hana uhuru wa kuandika mistari kama hii. Tusimhukumu kwa ukimya wake.)

Paulo mwenyewe, aliyeandika Warumi 13, hakuliishi andiko lake kama tunavyolihubiri. Katika Matendo sura ya 16, wakubwa wa Filipi walimpiga bila hukumu, kisha wakataka kumfungulia kwa siri aende zake. Alikataa kutoka. Aliwakumbusha kwamba yeye ni raia wa Roma na akadai waje wenyewe wamtoe. Alijua sheria, akaidai, bila kushika panga.

Kuna mfano mwingine unaotusumbua zaidi, na hatujausikia ukihubiriwa mpaka mwisho. Kila wakati wa kampeni wanakuja wagombea kanisani, wanapewa kiti cha mbele na dakika chache za kusalimu, na mhubiri wa siku hiyo anamfananisha mgombea na Yusufu: Mungu alimtoa shimoni akamweka ikulu kwa ajili ya kuokoa watu wake. Ni kweli, Yusufu aliokoa watu na njaa. Lakini tusome Mwanzo sura ya 47 yote. Watu walikuja na fedha zao, zikaisha. Wakaja na ng'ombe na punda, wakaisha. Mwaka uliofuata hawakuwa na kitu ila miili yao na mashamba yao, na Yusufu akavichukua vyote viwili kwa ajili ya Farao. Ardhi ya Misri ikawa ya mtu mmoja, na watu wakawa watumwa wake. Chakula walichokuwa wakinunua kilikuwa kimekusanywa kutoka katika mashamba yao wenyewe, katika miaka ile ya shibe.

Halafu kuna mstari wa 22, ambao ungefaa kusomwa polepole katika kila sinodi yetu. Ardhi ya makuhani peke yake haikuchukuliwa, kwa sababu makuhani walikuwa wakipata posho kwa Farao. Walikula mkono wa ikulu, kwa hiyo shamba lao likapona wakati ya waumini wao yanakwenda. Maandiko hayawatukani. Yanaeleza tu jinsi ilivyokuwa. Na tukigeuza kurasa chache, katika Kutoka sura ya 1, anainuka Farao asiyemjua Yusufu, na mtambo uleule wa utumwa unawageukia wana wa ndugu za Yusufu.

Kwa hiyo "tumpate Mkristo mmoja juu, mambo yatabadilika" ni imani iliyo dhaifu kuliko tunavyodhani. Yusufu alikuwa mcha Mungu, hana rushwa, ana hekima kuliko wote, na bado ardhi ilihama kutoka kwa wenyeji kwenda kwa mkubwa mmoja, kwa njia halali, kila hatua ikiwa na hati. Mtu wa Manono akisoma sura hiyo atafikiri mara moja juu ya eneo lililowekewa mipaka ya leseni na shamba la mihogo lililo ndani yake. Ndugu wa depite fulani kuwa mzee wa kanisa si ulinzi wa shamba hilo.

Wengine watatujibu kwamba haya yote ni siasa, na siasa si ya Mkristo. Historia ya upande wetu haikubali. Jason Sendwe, kiongozi wa Balubakat, alisomea katika shule za misioni ya Kimethodisti, akawa mwalimu na muuguzi kabla ya kuwa mwanasiasa. Aliuawa Albertville, yaani Kalemie ya leo, Juni 1964. Mtu anaweza kupima siasa yake vyovyote, ila hawezi kusema kwamba Waprotestanti wa Tanganyika walikuwa wameketi pembeni. Mwaka 2004, wakati njia kati ya Manono, Mitwaba na Pweto zilikuwa zikiitwa pembetatu ya kifo, Askofu Ntambo Nkulu Ntanda wa Kanisa la Methodisti ya Muungano aliwakutanisha Kamina wakubwa wa serikali, machifu na Mai-Mai, hata yule aliyeitwa Chinja-Chinja. Wengi hawakuamini kwamba watu wale wangeketi katika chumba kimoja. Baadaye askofu aliingia Seneti. Hapo sisi tunasita kidogo, kwa kuwa mchungaji akiwa na viti viwili ni vigumu kujua anasema kutoka katika kipi. Lakini Kamina ilikuwa kazi ya kanisa, na hakuna mtu aliyekuwa na njia nyingine ya kuifanya.

Jambo lilelile lilionekana Februari 2025, maaskofu wa Katoliki wa CENCO na viongozi wa ECC walipokwenda Goma kuonana na AFC/M23 kwa ajili ya ule mpango wao wa mapatano ya kijamii kwa amani. Baadhi ya wanasiasa wa Kinshasa walikasirika, na waumini wetu wengi nao waliuliza viongozi wa kanisa wanatafuta nini kwa waasi. Siku zilezile mashua zilikuwa zikishusha Kalemie watu waliokimbia kutoka Kivu ya Kusini. Waliofika na godoro moja na watoto watatu hawakuuliza swali hilo.

Juu ya maombi tutasema machache, kwa kuwa hakuna anayebisha kwamba kanisa lisali. Tunachobisha ni maombi yanayochukua nafasi ya kuangalia. Nehemia alisali na kufunga, kisha akatoka usiku akazunguka kuta za Yerusalemu, akaona kwa macho yake wapi zimebomoka na malango yapi yameungua. Hatujui mkesha wa maombi kwa ajili ya madini ambamo mtu alisimama akasoma kwa sauti kile sheria inachosema juu ya madini.

Na sheria inasema mambo ambayo mkulima anaweza kuyaelewa. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa ada ambayo kampuni inalipa kwa madini inayouza. Katika kila dola 100 za ada hiyo, 50 ni za serikali kuu, 25 ni za jimbo, yaani Kalemie, 15 ni za sheferi, sekta au komini ambako mgodi uko, na 10 ni za mfuko wa vizazi vijavyo. Mbali na hiyo, kampuni inapaswa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi, na fedha hizo zinasimamiwa na chombo ambamo kampuni na wawakilishi wa jamii wanaketi pamoja. Tena kuna kile tunachokiita kaye de sharji, ambamo kampuni na jamii wanaandika shule gani, kisima gani, barabara gani, na kwa mwaka gani. Barua za namna hii hazina siri. Ni za kuombwa, kusomwa na kubandikwa ukutani.

Neno "jamii" lenyewe linatuleta kwenye dhana ambayo ni ngumu kwetu kuliko zote. Tunaposema "Mungu ameikumbuka Manono," Manono ni nani? Tangu 2013 Tanganyika imeona Wabatwa na Waluba wakichomeana vijiji, katika Nyunzu, Kabalo, Manono na hata karibu na Kalemie. Mwaka 2016 na 2017 mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamekimbia makwao. Mkutano mkubwa wa amani ulifanyika Kalemie Februari 2017, na moja ya malalamiko ya Wabatwa lilikuwa la zamani: wanafanya kazi katika mashamba ya wengine, na hawana kiti mahali mashauri yanapokatwa. Mwaka 2022 nchi ilipata sheria ya kulinda haki za Wabatwa, pamoja na haki yao juu ya ardhi wanayoishi. Lakini tuhesabu katika makanisa yetu wenyewe. Wachungaji Wabatwa waliotiwa mikono ni wangapi? Wazee wa kanisa? Wajumbe wa sinodi? Tunafundisha kwamba katika Kristo hakuna Myahudi wala Myunani, halafu wakati wa kugawa viti tunakuta kwamba kuna Mbatwa.

Hili si jambo la pembeni katika habari ya litiamu. Kamati ya asilimia 0.3 ikiwa na Waluba peke yao, pamoja na watu wa kampuni, zile fedha zitaingia katika ugomvi wa zamani kama petroli. Na kanisa lililohubiri baraka ya Manono bila kusema Manono ni nani litakuwa limesaidia kuwasha. Mungu wa Biblia, alipoingia katika ugomvi wa shamba la Nabothi, hakutuma nabii kueleza kwamba Ahabu amewekwa na Mungu, ingawa Ahabu alikuwa mfalme halali. Alimtuma Eliya shambani kwenyewe, pale mfalme alipokwenda kulimiliki, kumwuliza juu ya mtu aliyeuawa. Barua za kumwua Nabothi zilikuwa zimepigwa muhuri wa mfalme, na wazee wa mji walitangaza hata mfunga ili hukumu ionekane ni ya dini.

Kwa sababu hiyo tunaomba makanisa ya Manono, jumuiya zote za ECC na majirani wetu Wakatoliki, wasingoje tangazo kutoka Kinshasa. Waende kwa mkubwa wa sheferi na kwa msimamizi wa teritwari, waombe nakala ya kaye de sharji ya mgodi, na kama haijatiwa sahihi waulize inajadiliwa na nani na lini. Waombe pia orodha ya wanaoketi, au watakaoketi, kusimamia ile asilimia 0.3. Watu hao wana majina, na majina yanaweza kusomwa Jumapili baada ya matangazo ya harusi, kwa Kiswahili na kwa Kiluba, ili kila mmoja asikie ni nani anaketi kwa niaba yake na kijiji gani hakina mtu.